Wavu wa Kushikilia Titi Baada ya Upasuaji wa Saratani: Si Kila cha Ghali Ndicho Bora

SOMO LA AFYA

Saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Kenya kuliko saratani nyingine yoyote. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, yalionyesha kuwa mwaka wa 2020 wanawake wapatao 6,800 waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu humu nchini, na zaidi ya 3,000 wakafariki.

Wahudumu wa afya wanafahamu sababu moja inayowafanya baadhi ya akina mama kuchelewa kurudi hospitalini hata baada ya uvimbe kuthibitishwa. Ni hofu ya kuondolewa titi. Kwa sababu hiyo, ni habari njema kwamba titi lililoondolewa linaweza kujengwa upya. Hata hivyo, mgonjwa anapopewa karatasi ya makadirio ya gharama, huenda akakuta mstari mmoja asioufahamu, nao una bei ya kushtua: wavu wa kushikilia titi. Familia hujiuliza kama lazima wauze shamba ili mama apate ule wa bei ya juu.

Somo hili linaeleza wavu huo ni nini, aina zake, na yale ambayo utafiti umeonyesha. Halichukui nafasi ya ushauri wa daktari wako. Lengo ni uingie chumba cha daktari ukijua la kuuliza.

Kazi ya wavu ni ipi?

Titi likiondolewa kwa sababu ya saratani, daktari anaweza kuiacha ngozi ya juu ikiwa haina ugonjwa. Chini ya ngozi hiyo hubaki nafasi tupu, halafu msuli wa kifua, kisha mbavu. Njia moja ya kujaza nafasi hiyo ni kuweka mfuko wa silikoni. Mifuko hii si mipya. Mwanamke wa kwanza aliwekewa mwaka wa 1962 katika jimbo la Texas, Marekani.

Tatizo ni kwamba mfuko una uzito na ngozi iliyobaki ni nyembamba. Usiposhikiliwa, huteleza chini au kando, na ngozi inayoubeba huweza kuchoka na kufunguka. Kwa miaka mingi madaktari waliuficha mfuko chini ya msuli wa kifua. Lakini msuli huo hautoshi kufunika sehemu ya chini ya titi.

Hapo ndipo wavu unapohitajika. Fikiria mbeleko. Mtoto hukaa mgongoni kwa sababu kuna kitambaa kinachomshika kutoka chini na kufungwa mbele. Wavu hufanya kazi iyo hiyo: upande mmoja hushonwa kwenye msuli, upande mwingine kwenye ukuta wa kifua, na mfuko ukakaa ndani yake. Siku hizi wapo madaktari wanaouweka mfuko juu ya msuli na kuuzungushia wavu pande zote.

Aina tatu za vishikizo

Kundi la kwanza: ngozi iliyoondolewa seli

Hii hutengenezwa kutokana na ngozi ya binadamu aliyefariki na aliyeridhia kutoa viungo vyake, au ngozi ya nguruwe au ng'ombe. Pia kuna inayotokana na utando unaofunika moyo wa ng'ombe. Kiwandani, seli zote za mwenyewe huoshwa hadi ziishe. Kinachobaki ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizosukana kama mkeka. Kwa kuwa seli zimeondolewa, mwili wa mgonjwa haufanyi haraka kuikataa. Mishipa midogo ya damu huingia polepole kati ya nyuzi hizo, na baada ya muda kipande hicho huwa kama sehemu ya mwili.

Bidhaa hizi zilianza kutumika katika miaka ya 1990 kuwatibu watu walioungua. Baada ya mwaka wa 2000 madaktari wa Marekani walianza kuzitumia kwenye matiti, na matumizi yake yakaenea haraka. Faida yake kubwa ni kwamba zinaonekana kupunguza kovu gumu linalojikunja na kuubana mfuko. Kasoro yake ni bei. Kipande kimoja huweza kugharimu maelfu ya dola za Marekani.

Kundi la pili: nyavu za kiwandani

Hizi hufumwa kwa nyuzi zinazotengenezwa viwandani, na hugawanyika mara mbili.

Zipo zinazoyeyuka. Aina ya bei nafuu zaidi hutengenezwa kwa nyuzi zilezile ambazo mama aliyejifungua kwa upasuaji hushonwa nazo, zile ambazo huambiwa hahitaji kurudi kutolewa. Wavu huo huisha mwilini kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu, na kovu la kawaida la mwili huchukua kazi yake. Nyingine hukaa zaidi: kuna inayoyeyuka kwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na kuna iliyofumwa kwa nyuzi za aina mbili, moja ikiisha mapema na nyingine ikidumu kama miaka mitatu.

Zipo pia zisizoyeyuka. Hizi ni za polipropilini, aina ya plastiki inayotumiwa pia kutengeneza nyavu za kutibu ngiri. Nyingine hupakwa titani, ambayo ni madini yanayopatana vizuri na mwili. Wavu wa namna hii hukaa mwilini maisha yote.

Kwa jumla nyavu za kiwandani ni nafuu kuliko ngozi iliyoondolewa seli, na tofauti inaweza kuwa mara kadhaa.

Kundi la tatu: mwili wako mwenyewe

Kundi hili husahaulika kwa sababu hakuna kampuni inayoliuza. Mwanamke mwenye matiti makubwa au yaliyoshuka huwa na ngozi ya ziada sehemu ya chini, ambayo kwa kawaida ingekatwa na kutupwa. Daktari anaweza kuondoa tabaka la juu tu la ngozi hiyo na kulitumia tabaka la ndani kama kishikizo cha mfuko. Hakuna wavu wa kununua.

Njia nyingine ni kuhamisha msuli na ngozi kutoka mgongoni, au ngozi na mafuta kutoka tumboni. Ya mgongoni ni ya kale. Daktari Iginio Tansini wa Italia aliieleza mwanzoni mwa karne ya 20. Mara nyingine nyama hizo hutosha kulijenga titi bila mfuko wowote. Lakini upasuaji huchukua saa nyingi, hutaka daktari bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, na mgonjwa hubaki na kovu la pili.

Utafiti unasema nini?

Methali yetu husema rahisi ghali. Katika suala hili methali hiyo haishiki sawasawa, kama matokeo ya utafiti kutoka nchi kadhaa yanavyoonyesha.

Nchini Uholanzi, hospitali nane ziliwalinganisha wanawake waliojengwa titi kwa hatua moja kwa kutumia ngozi ya nguruwe iliyoondolewa seli, na wengine waliojengwa kwa hatua mbili bila ngozi hiyo. Hatua mbili maana yake ni kuwekewa kwanza mfuko wa muda unaojazwa maji kidogo kidogo ili kutanua ngozi, kisha kurudi baadaye kuwekewa mfuko wa kudumu. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2017. Katika matiti 91 ya kundi la kwanza, 26 yalipata madhara makubwa. Katika matiti 92 ya kundi la pili, ni matano tu yaliyopata madhara kama hayo.

Hapa tusome kwa uangalifu. Makundi hayo yalitofautiana kwa mambo mawili: wavu na idadi ya hatua. Hatuwezi kuubebesha wavu lawama zote. Tunaloweza kusema ni kwamba njia iliyokuwa mpya, ya haraka na yenye kifaa cha bei ya juu haikuwa salama zaidi.

Mjini Gothenburg, Sweden, watafiti walitumia mbinu ya kulinganisha iliyo wazi zaidi. Waliwachukua wanawake waliokuwa wakijengwa matiti yote mawili. Titi moja liliwekewa wavu unaotokana na ng'ombe, la pili wavu wa kiwandani unaoyeyuka. Hivyo kila mwanamke alilinganishwa na nafsi yake: umri ule ule, daktari yule yule, mwili ule ule. Wanawake hao walikuwa wachache, lakini maji yalijikusanya chini ya ngozi mara nyingi zaidi upande wa wavu wa ng'ombe.

Nchini Marekani, Mamlaka ya Chakula na Dawa ilitoa tangazo Machi 2021. Ilisema kwamba ilikuwa haijaidhinisha bidhaa yoyote ya ngozi iliyoondolewa seli kwa kazi ya kujenga titi, ingawa bidhaa hizo zinaruhusiwa kwa matumizi mengine. Ilieleza pia kuwa bidhaa za kundi hilo hazifanani: baadhi zilihusishwa zaidi na maambukizi na kurudishwa kwa upasuaji kuliko nyingine. Kwa hiyo kuambiwa tu kwamba utawekewa ngozi hakutoshi. Uliza ni ipi.

Uingereza nayo iliwafuatilia wanawake 2,108 katika vituo 81, wote wakiwa wamejengwa titi kwa mfuko mara tu baada ya titi kuondolewa. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2019. Ndani ya miezi mitatu, kati ya kila wanawake 100, 25 walipata maambukizi, 18 walirudishwa chumba cha upasuaji, na 9 walipoteza mfuko waliowekewa. Hayo yalitokea katika nchi yenye hospitali zenye vifaa vya kutosha. Mtu asikwambie kuwa upasuaji huu ni jambo dogo.

Ukiyaweka matokeo haya pamoja, utaona kwamba hakuna aina moja ya wavu iliyothibitishwa kuwa bora kwa kila mwanamke. Hali ya mwili wa mgonjwa na ujuzi wa daktari vina uzito mkubwa, na bei peke yake haimwambii mgonjwa kama atakuwa salama.

Mfano wa jirani

Tuna mfano wa karibu unaofundisha jambo hilo hilo, ingawa unahusu ngiri. Nchini Uganda, wanaume 302 wenye ngiri ya kinena walifanyiwa upasuaji katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016. Nusu yao waliwekewa wavu wa kawaida wa kampuni, uliokuwa ukigharimu zaidi ya dola 100. Nusu ya pili waliwekewa wavu uliokatwa kutoka kitambaa cha chandarua cha mbu kisicho na dawa na kuuliwa viini hospitalini, ambao bei yake haikufika dola moja. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja tu katika kundi la chandarua, na hakuna aliyerudiwa katika kundi la pili. Madhara mengine yalikaribiana sana.

Tafadhali tusieleweke vibaya. Chandarua hakijapimwa kwa kazi ya titi na hakuna anayepaswa kukijaribu. Tunalojifunza ni kwamba kifaa cha hospitali hupimwa kwa matokeo yake kwa wagonjwa waliolinganishwa kwa haki.

Suala la imani

Wakazi wengi wa Kenya, hasa Waislamu, watataka kujua kama kitu kinachowekwa mwilini mwao kimetokana na nguruwe. Wengine hawako tayari kuwekewa ngozi ya marehemu au kitu cha ng'ombe. Hayo ni maswali halali na hayapaswi kuonewa aibu. Yaulize kabla ya siku ya upasuaji, si ukiwa tayari umelazwa kitandani.

Baadhi ya wanazuoni huruhusu kwa dharura kile ambacho kwa kawaida hakiruhusiwi. Lakini katika kujenga titi kuna njia nyingine, zikiwemo nyavu za kiwandani na ngozi yako mwenyewe. Zungumza na daktari kuhusu njia hizo, kisha umshirikishe kiongozi wako wa dini akiwa na maelezo kamili.

Nani yuko katika hatari zaidi?

Aina yoyote ya wavu ni kitu kigeni mwilini, na kitu kigeni kikiingiwa na viini ni vigumu kukitibu. Hatari huongezeka kwa mtu:

• anayevuta sigara, kwa kuwa sigara hupunguza damu inayofika kwenye ngozi;
• mwenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa;
• mwenye uzito mkubwa kupita kiasi;
• aliyepata au atakayehitaji tiba ya mionzi kifuani.

Ukiwa katika mojawapo ya hali hizi, daktari anaweza kukushauri usubiri. Kusubiri si kukosa. Titi linaweza kujengwa miezi au hata miaka baada ya saratani kutibiwa. Na mwanamke ana haki ya kuamua kutojenga kabisa. Wengi huvaa titi la bandia ndani ya sidiria, lililotengenezwa kwa silikoni au kufumwa kwa uzi, na wengine hawavai chochote.

Haki yako kisheria

Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu wa afya akueleze hali yako ya afya, njia za matibabu zilizopo, na faida, hatari na gharama za kila njia. Inasema pia ueleweshwe kwa lugha unayoifahamu, na kwamba unaweza kukataa matibabu baada ya kuelezwa matokeo ya uamuzi huo. Kwa hivyo daktari akikueleza kwa Kiingereza na hukuelewa, mwombe arudie kwa Kiswahili, au atafutwe mtu wa kutafsiri kwa lugha ya nyumbani. Usitie sahihi fomu usiyoielewa.

Kuhusu malipo, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Hakikisha umejisajili na michango yako imelipwa. Kabla ya kukubali tarehe ya upasuaji, nenda kwenye dawati la SHA hospitalini na uulize mambo mawili tofauti: je, kuondolewa titi kumelipiwa, na je, kulijenga upya, pamoja na mfuko na wavu, kumelipiwa? Omba jibu hilo kwa maandishi.

Maswali ya kumuuliza daktari

Kata sehemu hii uende nayo kliniki. Ikiwezekana, nenda na dada, mume au rafiki wa kukusaidia kukumbuka majibu.

1. Je, kujengwa titi kutachelewesha tibakemikali au tiba yangu ya mionzi?
2. Je, ninahitaji wavu, au ngozi yangu mwenyewe inatosha?
3. Wavu utakaotumia umetokana na nini: binadamu, nguruwe, ng'ombe au kiwanda?
4. Je, utayeyuka au utakaa mwilini maisha yangu yote?
5. Kwa nini umechagua huu kwangu mimi, na kuna wa bei nafuu unaoweza kufanya kazi hiyo?
6. Wewe mwenyewe umeufanya upasuaji huu mara ngapi, na wagonjwa wako waliendeleaje?
7. Nikipata maambukizi, nitarudi wapi na nani atalipia?
8. Mfuko huu utahitaji kubadilishwa baadaye?

Baada ya upasuaji, omba jina la kampuni, aina ya wavu na nambari yake viandikwe kwenye faili yako, nawe upewe nakala. Paketi ya kifaa cha namna hii huja na kibandiko chenye habari hizo. Ikiwa siku moja tangazo la usalama litatolewa kuhusu bidhaa fulani, nakala hiyo ndiyo itakayokuonyesha kama inakuhusu.

Dalili za kurudi hospitalini haraka

Rudi mara moja, usingoje siku ya kliniki, ukiona lolote kati ya haya:

• homa au baridi ya kutetemeka;
• titi kuwa jekundu au jeusi kuliko kawaida, au kuwa moto ukiligusa;
• kuvimba ghafla upande mmoja;
• usaha, harufu mbaya au mshono kufunguka;
• maumivu yanayozidi badala ya kupungua.

Usilikande titi kwa maji moto, usipake dawa za kienyeji, wala usijaribu kutoa maji yaliyojikusanya wewe mwenyewe nyumbani.

Hatua ya kwanza

Uamuzi kuhusu wavu huja baada ya uamuzi mkubwa zaidi, ule wa kutibiwa mapema. Uvimbe ukigunduliwa ungali mdogo, mara nyingine daktari huondoa uvimbe peke yake na titi likabaki, na suala la mfuko na wavu halizuki kabisa. Jichunguze kila mwezi, siku chache baada ya hedhi. Ukiona uvimbe, ngozi iliyojikunja kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, fika katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Wanawake wenye umri wa miaka 40 na zaidi waulize kuhusu kupigwa picha ya matiti ya mamogramu. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wako anaweza kukuelekeza pa kuanzia na kukupa barua ya rufaa.

Na kwa mama ambaye tayari ameambiwa titi liondolewe, naye anachelewa kwa sababu hana pesa za wavu: usingoje. Matibabu ya saratani hayahitaji wavu. Yaanze sasa, na suala la kulijenga titi liamuliwe baadaye kwa utulivu.